Mashine ya kupima tansio (presha ya damu) niliyonunua Nyawera, mtaa wa Bukavu: wiki sita, chungu kimoja, mikono mitatu

Mimi nauza chumvi. Ni mwaka wa kumi na sita nina meza yangu katika soko la Kadutu, hapa Bukavu: chumvi laini ya pakiti upande wa kushoto, ya mawe ninayoipima kwa kopo upande wa kulia, katikati maharagwe na unga wa mihogo. Natanguliza hilo kwa sababu mashine ninayotaka kuisifu hapa ndiyo iliyonifanya nipunguze chumvi katika chungu changu mwenyewe, na sikuipunguza kwa kusikia maneno ya watu. Niliipunguza baada ya kuandika tarakimu asubuhi na jioni katika daftari la madeni ya wateja.

Mashine ni ya mkono wa juu, ile ya kufunga mkanda juu ya kiwiko. Nimelipa dola 38. Muuzaji alianzia 50. Kioo chake ni kipana na tarakimu ni nene, mama anazisoma bila miwani. Inakula betri nne ndogo, zile za redio, na hilo kwangu ni sifa kubwa, maana umeme wa Kadutu tunaujua. Seti ya kwanza ya betri ilimaliza wiki zote sita. Jina la kampuni siliandiki kwa kuwa mashine ya umbo hilohilo, boksi hilohilo, nimeiona ikiuzwa kwa majina matatu tofauti ndani ya barabara moja. Angalia mambo mawili tu: iwe ya mkono wa juu, na mkanda uandikwe vipimo vyake vya sentimita.

Kabla yake nilipoteza dola 20. Mwaka jana nilinunua kwenye duka jingine la dawa ile ndogo ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono kama saa. Nikampima mama mara tatu ndani ya dakika kumi, tarakimu ya juu ikawa: 171, 139, 160. Ni mtu yuleyule, kiti kilekile. Baadaye nilielewa kwamba ile ya kifundo inataka mkono uinuliwe hadi usawa wa moyo na utulie hapo. Ukiushusha kidogo, tarakimu zinapanda. Mwanamke wa miaka 71 mwenye maumivu ya bega hawezi kuushikilia mkono hewani. Nilipoirudisha, waliniambia kifaa kikishafunguliwa hakirudi. Niliumia, na bado naumia, kwa sababu hela ile ilikuwa faida ya karibu wiki mbili.

Sasa niseme kwa nini nilirudi kununua nyingine. Nyumbani kwetu kulikuwa na ugomvi wa chumvi.

Mama alipimwa kituo cha afya, muuguzi akasema tansio ni kumi na sita kwa tisa, yaani 160 kwa 90, akampa kidonge cha kila asubuhi na neno moja la kwenda nalo: mupunguze chumvi. Mama hakukubali. Alikaa kimya njiani, tulipofika nyumbani akasema, "Chumvi ndiyo ilituokoa. Wewe hukuziona shingo za watu."

Mama ni mzaliwa wa Idjwi, kile kisiwa kikubwa katikati ya Ziwa Kivu. Dada yake mkubwa alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo mkubwa kama embe, na hakuwa peke yake. Idjwi ilijulikana kwa rovu hadi madaktari wa Ubelgiji wakaja kuichunguza miaka ya 1960. Waliona kwamba udongo wa kisiwa hauna iodini ya kutosha, na kwamba mihogo isiyolowekwa vizuri inaongeza tatizo, kwa kuwa sumu yake ikivunjwa mwilini huacha kitu kinachoizuia iodini isiingie kwenye tezi ya shingo. Watoto wengine walizaliwa wafupi, wenye akili nzito, wengine hawasikii. Dawa iliyokuja kuenea duniani kote ni chumvi iliyotiwa iodini. Kwa hiyo mama akisema chumvi iliwaokoa, asemalo ni kweli tupu, na mimi muuza chumvi naliheshimu. Sinunui gunia lisiloandikwa kwamba lina iodini, na siiachi juani, maana iodini hupotea kwa jua na unyevu.

Upande wa pili wa meza yuko yaya yangu, kaka mkubwa, miaka 52, mbeba mizigo wa sokoni. Yeye huongeza chumvi kabla hajaonja. Huwa anasema, "Mimi ndiye ninayekula chumvi kuliko wote humu, na sijawahi kuanguka." Naye hasemi uongo. Mimi nilikaa katikati, nikiwa na hofu zangu, nikiogopa hata bidhaa ninayouza. Watu watatu, bugali moja, sombe moja ya majani ya mihogo, na kila mmoja ana ushahidi wake.

Binti yangu anasoma udaktari hapahapa mjini, huja Jumapili. Nilimweka chini nikamuuliza: chumvi inadhuru watu wote sawasawa, ndiyo au hapana? Akasema hapana, tena akanieleza kwa namna ambayo sijaisahau.

Ukila chumvi, maji yanaifuata. Damu inaongezeka ndani ya mishipa, na kazi ya figo ni kuitoa ile ziada kwenye mkojo. Figo za watu wengine huitoa upesi, presha haisogei. Figo za wengine ni nzito: hazitoi mpaka presha ipande izisukume. Nikamwambia, basi ni kama wabeba mizigo wawili, mmoja ukimwonyesha gunia ameshalibeba, mwingine mpaka umsukume mgongoni. Akasema njo vile. Na uzito huo hutokana na mambo mengi: kurithi, umri, presha iliyokwisha kupanda, figo zilizoanza kuchoka.

Alinitajia mtu aitwaye Weinberger, daktari wa Marekani, aliyelipima jambo hili mwaka 1986. Aliwatundikia watu lita mbili za maji ya chumvi mshipani, kesho yake akawapa chakula chenye chumvi kidogo sana na dawa ya kukojoa, akatazama presha ilivyotembea. Miongoni mwa wenye presha ya juu, 51 kati ya 100 presha zao ziliifuata chumvi. Miongoni mwa wenye presha ya kawaida, 26 kati ya 100. Kwa hiyo hata kati ya wagonjwa wa tansio wenyewe, karibu nusu haikuwa hivyo. Hata panya wako hivyo: mtafiti Lewis Dahl, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwazalisha panya wa koo mbili, ukoo mmoja unapanda presha kwa chumvi, mwingine unakula chumvi ileile bila shida.

"Na nitajuaje mimi ni ukoo gani?" nikauliza. Akasema nyumbani huwezi kujua kwa uhakika wa daktari, lakini unaweza kuona kitu ukipima kwa uaminifu. Hapo ndipo nilipokwenda Nyawera na dola 38.

Tulipanga hivi. Wiki tatu tunakula kama kawaida yetu, wiki tatu tunakula kwa chumvi ya kupima. Asubuhi kabla mama hajameza kidonge, na jioni kabla ya kula. Kidonge hakikuguswa hata siku moja; kama una mgonjwa mwenye dawa, usijaribu kuiondoa ili uone chumvi inafanya nini. Unaenda haja ndogo kwanza. Unakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono uwe wazi. Bukavu kuna baridi asubuhi na mama alitaka kufunga mkanda juu ya sweta. Nilimkatalia, tukamfunika kitenge mabegani mkono ukabaki nje. Unapima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, na wakati mkanda unajaa hakuna kuongea. Hili la kuongea lilikuwa gumu kuliko kupunguza chumvi.

Mashine ina sauti ya kuelekeza, lakini inaongea Kiingereza na Kichina tu, na karatasi ya maelezo haina Kifaransa wala Kiswahili. Niliizima sauti siku ya pili. Jambo jingine lililotuchanganya: wauguzi wetu wanahesabu kwa njia ya Kifaransa, kumi na tano kwa tisa, na mashine inaandika 150 na 90. Ni kitu kilekile, unaongeza sifuri. Mama aliogopa sana kuona 150 mara ya kwanza, akadhani imepanda mara kumi.

Kumbukumbu ya mashine ni ya watu wawili, sisi tuko watatu, ndiyo maana daftari. Na siku ya tatu nilibeba mashine hadi kituo cha afya, muuguzi akampima mama kwa chao, kisha kwa yetu: 152/90 kwa chao, 155/91 kwa yetu. Niliridhika. Ninamshauri kila anayenunua afanye hivyo kabla ya kuanza kuziamini tarakimu.

Wiki ya kwanza nilifanya ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka kumi na sita: nilipima chumvi ya nyumba yangu kwenye mizani yangu ya soko. Nilipima kopo la jikoni asubuhi na usiku. Kwa siku tulikuwa tunamaliza gramu 48 tukiwa watu wanne wazima pamoja na mke wa yaya, yaani gramu 12 kwa kila mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Na zile gramu 48 hazikuhesabu vile vidonge vya mraba vya kukolezea mboga, ambavyo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, wala makayabo ya Ijumaa, yaani samaki mkavu wa chumvi, wala mkate. Nilikaa na ile mizani muda mrefu.

Wiki tatu za pili nikaweka gramu 20 asubuhi kwenye kikombe, zikiisha zimeisha. Vidonge vya kukolezea nikaviacha. Makayabo nililoweka usiku kucha na kubadilisha maji mara tatu. Sombe nikaongeza kitunguu, pilipili mbuzi na mawese. Siku nne za kwanza kila kitu kilikuwa kama karatasi, siwezi kusema vingine. Kuanzia siku ya kumi hivi ulimi ulizoea, na sambaza, vile visamaki vya ziwa, za mafuta tulizila kwa ndimu peke yake bila mtu kulalamika.

Haya sasa ndiyo yaliyotoka daftarini, wastani wa wiki tatu kwa wiki tatu.

Mama: kutoka 156/90 hadi 143/84.

Yaya: kutoka 136/86 hadi 132/85.

Mimi: kutoka 121/77 hadi 120/77.

Nimejumlisha mara mbili, na binti yangu akajumlisha tena. Tumekula chungu kimoja, chumvi imepungua zaidi ya nusu kwa wote, na mwili wangu haukuona kitu, wakati mama ameshuka tarakimu kumi na tatu kwa ile ya juu. Ya yaya siiamini sana, kwa sababu mchana anakula kwenye malewa, vibanda vya chakula, karibu na maegesho ya magari na huko hakuna anayempimia. Tena anabeba magunia na kutoka jasho siku nzima, na jasho hutoka na chumvi. Alikosa pia jioni nyingi. Sisi ni nyumba moja, sisemi ni utafiti. Lakini yale niliyoyaona yanafanana na yaliyoonekana Marekani mwaka 2001, watu 412 walipopikiwa chakula kwa viwango vitatu vya chumvi, kila kiwango siku 30: presha ilishuka kwa jumla, ila ilishuka zaidi kwa waliokuwa na presha tayari, kwa waliovuka umri wa makamo, na kwa watu weusi. Mama yangu ni yote matatu.

Wiki ya saba kulikuwa na matanga kwa jamaa upande wa Bagira. Mama alikaa huko siku tatu, akala wali na makayabo ya watu wengi, ambayo hakuna wa kuyaloweka mara tatu. Aliporudi: 154, kesho yake 151, kesho kutwa 150, mpaka mwisho wa juma ndipo akarudi kwenye 144. Huzuni na kukosa usingizi navyo vinapandisha, najua. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeweka kidole kwenye daftari akasema, "Hapa ni makayabo." Sikumwambia neno. Mwanamke aliyelia kwa ajili ya shingo ya dada yake, aliyeiona chumvi kama dawa maisha yake yote, amejisomea mwenyewe. Kwangu hilo peke yake limelipa dola 38.

Na iodini? Nilimuuliza binti yangu hilo kwanza kabisa, kwa sababu sikutaka kuwatoa watu kwenye tansio nikawarudisha kwenye rovu. Gramu 5 za chumvi iliyotiwa iodini vizuri zinatosha mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Basi hakuna sababu ya kukimbilia chumvi isiyo na iodini, na wala si sababu ya kujaza chungu. Mama aliposikia hivyo ugomvi uliisha. Alichokuwa anakitetea hakikuwa wingi.

Kuna jambo jingine alilonieleza ambalo wenzangu wengi waliohamia mjini walijue. Kenya walifuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi kwenda kuishi Nairobi, utafiti ukachapishwa mwaka 1990. Presha zao zilipanda ndani ya miezi michache tu ya mjini, na mkojo wao ulionyesha sodiamu, ile ya chumvi, imeongezeka, na potasiamu imepungua. Potasiamu ndiyo inayosaidia figo kuitoa sodiamu. Imo kwenye maharagwe, ndizi, viazi, avoka, mboga za majani. Mama alipokuja Bukavu kuolewa mwaka 1974 aliacha chakula cha shambani akakuta mkate, makopo na makayabo. Nilipomsomea habari ya wale Wajaluo alitikisa kichwa tu.

China wameuza hata chumvi iliyochanganywa, robo tatu ya kawaida na robo ya potasiamu. Katika vijiji 600, watu karibu 21,000, walioitumia walipata kiharusi mara chache zaidi, matokeo yakatoka mwaka 2021. Kwa wauzaji wangu wa jumla bado sijaiona. Ikija, mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza dawa fulani za presha amwulize daktari kwanza, kwa sababu potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Nirudi kwenye mashine, maana ina kasoro moja kubwa. Mkanda wake ni wa sentimita 22 hadi 32. Shemeji yangu, mke wa yaya, mkono wake ni sentimita 37. Siku ya kwanza tulimlazimishia, ukafunga kwa shida, ukatoa 149/95, akalala na hofu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha tarakimu kwa uongo. Ndiyo maana hayumo kwenye hesabu yangu ingawa alikula nasi chakula kilekile. Kwa mji wenye wanawake wenye mikono kama yetu, kuuza mashine yenye mkanda wa saizi moja tu si haki. Pima mkono kwa utepe wa fundi nguo kabla hujatoa hela. Kwa hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki kwenye mkanda.

Tulivyoamua nyumbani ni kwamba chungu kinafuata mwili wa mama. Napika kwa gramu 20, na kopo la chumvi haliko tena mezani; anayetaka aende jikoni. Yaya alikwenda mara nyingi mwanzoni, sasa mara mojamoja. Mimi ambaye tarakimu hazikusogea nakula chakula hichohicho, kwa sababu nina miaka 46 na figo hazibaki vile zilivyo, na kwa sababu huyohuyo Weinberger alikuja kuonyesha mwaka 2001 kwamba waliokuwa na presha nzuri lakini inayoifuata chumvi, miaka ikipita, walikufa kwa kiwango kinachokaribia cha wenye tansio. Mimi bado sijui niko upande gani kwa uhakika, nimejipima wiki sita tu. Nitajipima tena mwakani.

Sokoni bado nauza chumvi. Mteja akiniambia ana mgonjwa wa tansio, simwambii asinunue. Namwuliza wako wangapi nyumbani, namwonyesha kwenye mizani gramu zao za siku ni rundo la kiasi gani. Wengi hunyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Mkanda mpana nimeupata kwa mtu wa Goma kwa dola 12, unakuja na boti wiki ijayo. Ukurasa wa shemeji daftarini nimeshauchora mistari ya tarakimu zake.